Nani Anamhesabu Nani?

Mimi ni mtu wa Ludara, Koboko. Mara ya kwanza kuhesabiwa nilikuwa na miaka saba, upande wa Sudan. Mara ya kwanza kuhesabu wengine nilikuwa na miaka arobaini na tatu, hapa hapa Koboko, nimevaa vesti ya shirika. Insha hii inahusu hizo mara mbili, na miaka iliyo katikati. Nawaandikia nyinyi mnaokaa kambini na kupanga foleni, na nyinyi pia mnaokaa nyuma ya meza. Mimi nimekaa pande zote mbili.

Nianze na mwaka 1980.

Amin alianguka mwezi wa nne 1979. Sisi Wakakwa tulihesabiwa kuwa watu wa Amin, hata yule ambaye hakuwahi kumwona Amin kwa macho. Mwezi wa kumi 1980, askari wa zamani wa Amin waliokuwa wamekimbilia nje walirudi wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi la serikali, UNLA, lilipokuja kuwafukuza, lililipiza kisasi kwa raia. Nyumba zikachomwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, watu waliokuwa wamejihifadhi kwenye misheni ya Ombaci, karibu na Arua mjini, waliuawa pale pale. Nusu ya watu wa West Nile, na zaidi, walivuka kwenda Sudan na Zaire. Mama alinibeba mgongoni sehemu ya njia, ndugu zangu wakatembea. Muhogo wetu ulibaki ardhini.

Huko tulikovuka hatukufika kama wageni kabisa. Mpaka wa Uganda na Sudan upande huu uliwekwa na Waingereza mwaka 1914, walipoitoa West Nile Sudan na kuiweka Uganda. Kabla ya hapo ilikuwa sehemu ya Lado, iliyokuwa mkononi mwa mfalme Leopold wa Ubelgiji mpaka alipokufa. Wakakwa tukajikuta katika nchi tatu bila kuhama hata hatua moja. Vita vya Anyanya vilipochoma Sudan kusini miaka ya sitini, ni watu wa kule waliokimbilia kwetu. Walilala kwenye nyumba zetu, wakalima kwenye mashamba yetu, wakarudi kwao baada ya mkataba wa Addis Ababa wa 1972. Kwa hiyo 1980 tulikuwa tunarudishiwa deni. Mjomba wa mama alitupa nyumba na kipande cha shamba, na hakuna aliyetuandika mahali popote.

Baadaye tukasikia kwamba kwenye makazi ya wakimbizi, upande wa Yei, kuna chakula, dawa na shule. Mama alitaka shule. Akatuchukua watoto wanne, akamwacha mdogo wetu kwa mjomba kwa sababu alikuwa dhaifu, na kule kulikuwa na maziwa. Hivyo ndivyo familia nyingi zilivyofanya: mguu mmoja kambini, mguu mmoja kijijini kwa ndugu. Huo haukuwa ujanja. Ndiyo ilikuwa njia ya kuishi.

Sasa ikaja siku ya kuhesabiwa. Tulitolewa nyumbani asubuhi mapema, kabla ya uji, tukapangwa mistari tukachuchumaa. Bwana mmoja alipita na fimbo ndogo anagusa vichwa. Alipofika kwetu akahesabu: mama na watoto wanne. Mama akamwambia, mtoto wa tano yuko kwa mjomba wangu, ni mgonjwa. Yule bwana hakumjibu mama. Alimgeukia karani wake akasema, "Andika nne. Hawa wote wana mtoto wa tano ambaye hayupo."

Watu walicheka. Sikuelewa kwa nini mama hakucheka.

Mara ya pili walipokuja kuhesabu, mama aliazima mtoto. Mama yangu, ambaye alinichapa kwa kuokota embe la jirani bila kuomba, alimwazima mtoto wa jirani, akamfunika kanga yake, akamkalisha katikati yetu. Tukapata kadi ya watoto watano. Jirani naye alikuwa ameshahesabiwa mstari wa juu. Hapo ndipo karani aliposema ukweli bila kujua: ni kweli tulidanganya. Ila tulidanganya baada ya ukweli kukataliwa.

Miaka hiyo hiyo, 1982 na 1983, alikuwepo katika eneo la Yei mwanamama mmoja Mmarekani, mtaalamu wa anthropolojia kutoka chuo cha Oxford, jina lake Barbara Harrell-Bond. Sikumwona. Nilikuja kumjua kupitia kitabu chake, Imposing Aid, kilichotoka mwaka 1986. Jina lenyewe linamaanisha kulazimisha msaada, na kinahusu sisi, wakimbizi wa Uganda tuliokuwa kule Sudan. Alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya wakati ule: aliangalia wakimbizi, na pia akawageuzia macho wanaotoa msaada. Aliwatumia wakimbizi wenyewe katika utafiti wake. Hakuishia kwenye makazi rasmi, alikwenda pia kwa wale waliojikalia vijijini bila kuandikwa, ambao walikuwa wengi.

Alichokiona, nikikieleza kwa maneno yangu, ni hiki. Mashirika yalifika yakiwa yameshaamua kwamba mkimbizi ni mtu asiyejiweza. Kwa kuwa hajiwezi, haulizwi. Kwa kuwa haulizwi, mipango inakosea. Mipango ikikosea, anajitafutia njia yake mwenyewe, na hapo anaitwa mwongo. Na shirika linatoa hesabu kwa yule aliyelipa pesa, halitoi hesabu kwa yule aliyepewa chakula. Mwaka 1992 yeye na wenzake wawili waliandika makala nzima kuhusu kuwahesabu wakimbizi, jinsi hesabu inavyomgeuza mtu anayetoa kuwa bwana na anayepokea kuwa mtu wa chini yake. Mwaka 2002 aliuliza katika kichwa cha makala nyingine kama kazi ya kuwahudumia wakimbizi inaweza kuwa na utu. Alifariki 2018.

Nilipokisoma kile kitabu mara ya kwanza nilikifunga, nikatoka nje. Miaka yote nilidhani ile aibu ya mama pale mstarini ilikuwa ya kwetu peke yetu, kitu cha nyumbani ambacho hakisemwi. Kumbe ilikuwa kwenye kitabu, na haikuwa aibu ya mama.

Tulirudi Ludara baada ya 1986, wakati vita vya Sudan vilipokuwa vinatukaribia kule nako. Tukakuta vichaka mahali pa nyumba. Na kabla hatujamaliza kujenga vizuri, miaka ya tisini mwanzoni, Wasudan wakaanza kuvuka kuja kwetu tena. Deni likageuka upande mwingine. Kutoka Koboko wengi walipelekwa Ikafe, upande wa Aringa, ambako leo ni wilaya ya Yumbe. Kuanzia 1994 shirika la Oxfam lilikuwa pale, na lilijaribu kufanya tofauti: wakimbizi wachague wawakilishi wao, wakae kwenye mipango, walime. Mwaka 1996 waasi wa West Nile Bank Front waliyashambulia makazi yale, na mengi yaliyojengwa yakavunjika. Mwaka 1998 Oxfam walichapisha kitabu kuhusu Ikafe, kilichoandikwa na Lina Payne. Kitabu hicho hakifichi kwamba kushirikisha watu ni kazi ngumu. Nakitaja kwa sababu wapo wanaofikiri wazo la kumsikiliza mkimbizi limekuja juzi na warsha za hotelini. Hapana. Hapa kwetu lina zaidi ya miaka thelathini, na tulilipia.

Miaka hiyo ndipo nami nilipokwenda kusomea kazi ya jamii. Nilitaka kuwa mtu wa upande wa pili wa meza, lakini mtu mzuri. Tulifundishwa kujaza fomu ya mteja, kumhoji mteja, kufunga faili la mteja. Sikuuliza kwa nini anaitwa mteja. Mteja sokoni akiona nyanya zimeoza anakwenda kwa muuzaji mwingine. Mkimbizi anakwenda wapi?

Baadaye neno likabadilika likawa "walengwa." Sikilizeni neno hilo vizuri, nyinyi mnaojua Kiswahili. Mlengwa ni mtu aliyelengwa. Katika West Nile sisi kulenga tunakujua kwa bunduki.

Kumbe mwaka 1981, sisi tukiwa bado tunakimbia, mwandishi aitwaye James Midgley alikuwa ametoa kitabu kinachosema kwamba elimu ya kazi ya jamii ilipelekwa kwenye nchi zetu kama bidhaa kutoka Ulaya na Marekani, na kwamba huo ni ubeberu wa kitaaluma. Uingereza kwenyewe, miaka ya themanini na tisini, walimu kama Lena Dominelli na Neil Thompson walianza kuandika kuhusu kazi ya jamii isiyokandamiza. Thompson alichora miduara mitatu, mmoja ndani ya mwingine: wa ndani kabisa ni mtu na mawazo yake, wa pili ni mazoea ya watu wake, wa nje ni mfumo, yaani sheria, pesa na utawala. Ukandamizaji unakaa kwenye yote mitatu. Ukimrekebisha karani peke yake na kuiacha fomu, hujafanya kitu. Ukiirekebisha fomu na kumwacha karani anayecheka watu, hujafanya kitu pia.

Kwetu Afrika Mashariki, kuanzia 2011 walimu wa vyuo vya Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walishirikiana na wenzao wa Austria katika mradi ulioitwa PROSOWO, wakitafuta kazi ya jamii inayoota kwenye udongo wetu. Na mwaka 2014 vyama vya dunia vya kazi hii vilikubaliana juu ya maana mpya ya taaluma, ambayo ndani yake yamo ukombozi wa watu, haki, na ujuzi wa wenyeji. Maneno mazuri. Lakini mimi nilijifunza maana yake kwenye foleni, na nilijifunza kwa kukosea.

Ilikuwa 2018. Mtakumbuka mwaka huo. Wakimbizi wote wa Uganda walihakikiwa upya kwa alama za vidole na mboni za macho, na idadi iliyokuwa ikitajwa, kama milioni 1.4, ikashuka mpaka karibu milioni 1.1. Ikawa kila mahali watu wanasema "wakimbizi hewa." Redioni, kwenye boda, kanisani. Sisi wafanyakazi nasi tukaambukizwa: kila mtu mbele yetu tulimwona ana mtoto wa hewa.

Shirika nililofanyia kazi silitaji, kwa maana kosa lilitoka mdomoni mwangu. Tulikuwa na zoezi letu dogo, la kuandika familia za Wakongo zenye shida zaidi. Mbele yangu akaja mama mzee, mtu wa upande wa Aru, na wajukuu wawili. Kadi yake ilionyesha watatu. Nikamuuliza wa tatu yuko wapi. Akasema amekwenda Koboko mjini. Nikauliza anafanya nini mjini na leo ni siku ya kuandikwa. Akanyamaza. Nyuma yake mstari ulikuwa mrefu, tableti ilikuwa inaisha chaji, jua lilikuwa juu ya kichwa. Nikasema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia, "Koko, usilete uongo hapa. Kila mtu ana mtoto ambaye hayupo."

Watu wakacheka.

Niliandika mbili. Kile kicheko kilinifuata mpaka nyumbani. Usiku ndipo nilipokumbuka nilikisikia wapi.

Kesho yake nilikwenda kwenye nyumba yake bila vesti. Mjukuu wa tatu alikuwepo, kijana wa miaka kumi na minne, mabega yamechubuka. Alikuwa anabeba mizigo sokoni Koboko kwa sababu mgao ulikuwa hautoshi. Bibi yake hakutaka kusema mbele ya shirika kwamba mtoto anafanya kazi badala ya kukaa shuleni, maana aliogopa tutamwandika kuwa mlezi mbaya, tumnyang'anye. Yaani alinyamaza kwa kuwaogopa watu wa ulinzi wa watoto. Na mimi nilikuwa mtu wa ulinzi wa watoto.

Nikamwomba radhi. Alikuwa anachambua maharagwe, hakuniangalia. Akasema kwa Kiswahili cha kwao: "Mtoto yangu, ulinitukana mbele ya watu. Sasa unakuya kuniomba msamaha nyuma ya nyumba?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi kazini, nikamweleza msimamizi wangu. Akasema orodha imefungwa na imeshatumwa, tusubiri zoezi lijalo. Zoezi lijalo lilikuja baada ya miezi minne. Siku hiyo, kabla ya kuwasha tableti, nilisimama mbele ya mstari nikasema kwamba mara iliyopita nilimwita huyu mama mwongo, na mwongo hakuwa yeye. Hakuna aliyecheka. Koko akapita, akaandikwa watatu, akaondoka bila kunisalimia. Ilikuwa haki yake. Miezi minne ile ya chakula cha kijana hakuna aliyeirudisha.

Nimeeleza hili kwa urefu kwa sababu wanafunzi wa vyuo wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo hupenda kuniuliza: kazi isiyokandamiza inafanywaje? Wanataka orodha. Mimi nawapa hiyo hadithi kwanza, kisha mambo machache.

Kwanza, mwonyeshe mtu unachoandika. Geuza tableti. Kama huwezi kumwonyesha, jiulize kwa nini. Pili, sema vigezo kabla ya kuuliza maswali, kwa lugha yake: nani ataingia, nani hataingia, nani aliamua. Tatu, mtu akisema mtoto hayupo, uliza kwa utaratibu, pembeni, na umwambie kwanza jibu litakwenda wapi. Nne, malalamiko yasipite kwa yule yule anayelalamikiwa. Sanduku la maoni ambalo ufunguo wake anao karani si sanduku la maoni. Tano, ukikosea mbele ya watu, rekebisha mbele ya watu. Hili la tano halimo kwenye vitabu nilivyosoma. Nilifundishwa na koko.

Kwa wenzangu wa kambini nina neno pia, msikasirike. Ukandamizaji hauvai vesti peke yake. Mwenyekiti wa bloki anayeuza nafasi kwenye orodha, mkalimani anayefupisha maneno ya mwanamke kwa sababu ni mwanamke, kabila kubwa linaloziba mdomo wa kabila dogo kwenye mkutano: hao nao wanahesabu watu kwa fimbo. Tuna mabaraza yetu ya wakimbizi, tunapiga kura. Tuyatumie kuulizana sisi kwa sisi, tusiyaache yawe ya kupokea wageni tu.

Na kwa wenzangu wa mashirika: najua fomu haikutungwa Koboko. Najua mkubwa wako naye ana mkubwa wake, na wa mwisho yuko mji ambao hujafika. Najua pia shida ni ya kweli. Mwaka 2023 WFP ilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, na kundi la tatu likatolewa kwenye mgao. Heshima haijazi sufuria. Lakini chakula kikiwa kidogo, ndipo namna ya kukigawa inapouma zaidi, na ndipo mtu anapokumbuka nani alimcheka.

Sheria imebadilika, hilo tulikubali. Sheria ya Uganda ya 1960 ilihusu kuwadhibiti wageni wakimbizi, na hata jina lake lilisema hivyo. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea. Leo Lobule, wilaya hii hii ya Koboko, Wakongo wanalima karibu na Wakakwa wa Uganda tangu makazi yalipofunguliwa 2013, na wengi wanasikilizana kwa lugha moja. Mduara wa nje umesogea kidogo. Wa ndani ni juu yetu.

Mama yangu bado yupo Ludara. Macho yamechoka lakini masikio ni mazima. Nilipomsimulia habari ya yule koko wa Aru, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Yule kijana, mabega yamepona?" Nikamwambia yamepona, amerudi shuleni. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akasema yule mtoto aliyemwazima kule Sudan ni mtu mzima sasa, ana watoto wake Yei, na kila akivuka kuja Koboko humletea sukari.

"Yeye ndiye mtoto wangu wa sita," akasema mama. "Andika hivyo."

Nimeandika.